Kaseti ya Mawe Yaliyochoka

Watu walipiga makofi mahali ambapo mimi nilishikwa na baridi. Ilikuwa harambee ya kanisa pale Karurumo, ndugu yangu amesimama kwenye jukwaa la mbao na gitaa lake, anaimba wimbo wetu wa mama anayengoja kando ya lango. Wapenzi wa nyimbo za kantri wanaujua ule mtindo wa kuikata sauti katikati, inaruka juu halafu inatua tena mahali pake. Ndugu yangu aliuweza kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Lakini siku hiyo sauti ilikatika kwenye neno "lango", na maneno ya ule wimbo niliyatunga mimi, nilijua hapo hapakuwa na kukata. Watu wakashangilia. Mzee mmoja akarusha kofia. Mimi nilimwangalia ndugu yangu shingoni, nikaona anameza mate tena na tena kama mtu aliyekwamwa na mfupa.

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza, "Ile ilikuwa nini?"

"Mapambo, cucu."

Alikuwa akiniita cucu, yaani nyanya, kwa sababu nilipewa jina la mama yake baba, na kwetu Embu ukirithi jina unarithi na heshima yake, hata kama wewe ndiye mdogo na unatumwa kuni. Nami nilimjibu kama nyanya, kwa ukali.

"Mapambo gani hayo yanakuja bila kuitwa? Umeanza lini kukatika hivyo?"

Akacheka, na kicheko nacho kikakatika. Sikuuliza tena siku hiyo.

Sisi tulikuwa watu wa Kibugu, juu karibu na msitu, mahali ambapo ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi. Mimi nilichuna majani chai, na maneno ya nyimbo yalinijia nikiwa na kikapu mgongoni, kwa maana mikono ikishaijua kazi kichwa hubaki bure. Nikifika nyumbani namwambia ndugu yangu maneno, yeye anayatafutia tuni. Kantri tuliijulia kwenye redio na kwenye mabaa ya Runyenjes, ambako ukipita siku ya soko unasikia mzungu analia mlango huu na mwingine analia mlango wa pili. Baba alikuwa akituuliza ni lini tuliwahi kupanda farasi. Lakini zile nyimbo zilikuwa za ng'ombe, za mvua, za mama mzee na mtu aliyeondoka nyumbani asirudi. Hebu niambie, hapo ni wapi kama si Kibugu? Basi tukatunga zetu kwa Kiembu, na watu wakazipenda, na tukaona kilichobaki ni kurekodi tu. Kurekodi tu! Mungu atusamehe ujinga wetu.

Siku hizo nyimbo zilikuwa kaseti, na kaseti zilikuwa Nairobi, mikononi mwa maprodusa. Tulipanda ngazi za maprodusa mpaka nikazijua kwa harufu. Mmoja alituambia kantri ni ya wazungu. Mwingine akasema Kiembu hakina wanunuzi, tuimbe Kikuyu. Wa tatu alitaka ndugu yangu aache gitaa na aimbe injili. Mwingine hakutuambia kitu, alitukalisha kwenye benchi tangu asubuhi, na alipotoka kwenda nyumbani akafunga mlango sisi tukiwa bado tumekaa. Tulienda miaka, si mara moja wala mbili. Kila tukirudi, mama alituangalia usoni, akamimina chai, asiulize.

Wa mwisho alikuwa mtu mnene mwenye kijiti mdomoni, duka lake la kaseti liko chini na studio iko juu. Huyo alitusikiliza wimbo mmoja tukiwa tumesimama mlangoni. Akatikisa kichwa kidogo, akasema, "Si mbaya. Nileteeni kaseti nisikilize nikitulia. Nikiipenda mnaingia studio."

Tulishuka zile ngazi tukishikana mikono kama watoto. Lakini pale chini barabarani ndugu yangu alikohoa, akageuka ukutani akakohoa tena, na alipofuta mdomo kwa kitambaa alikikunja upesi kabla sijaona. Nilijua tayari. Mtu anayekunja kitambaa upesi hivyo ana jambo.

Nikamburuta hospitali pale Embu mjini. Aliingia kwa daktari peke yake, akatoka anatabasamu.

"Wamesema nini?"

"Nipunguze pilipili."

"Wewe! Kwetu nani anakula pilipili?"

Nikamkazia macho hapo kwenye benchi ya wagonjwa, watu wanatuangalia, na nisingeondoka. Ndipo akasema. Kulikuwa na kitu kooni, daktari hakukipenda, alitaka aende hospitali kubwa Nairobi afunguliwe waangalie, na asikae sana. Na sauti je? Sauti daktari hakuahidi.

"Kwa hivyo tunaenda," nikasema.

"Tunarekodi kwanza. Wakinifungua koo kabla sijarekodi, cucu, nitakuwa nimewaimbia ng'ombe miaka hii yote."

Niligombana naye njia nzima mpaka Kibugu. Nilimwita mpumbavu, nikamwita muuaji wa mama. Aliniacha nimalize, akasema kwa sauti ile iliyokuwa inachakaa, "Kaseti tu. Halafu unipeleke unakotaka, hata unifunge kamba." Nikakubali, na kutoka siku hiyo niliishi nikitega sikio. Alfajiri akiita ng'ombe, nasikiliza. Akiomba chumvi mezani, nasikiliza. Kuna maneno alianza kuyakwepa, yale ya juu juu, na mama alianza kusema ati mwanawe amekuwa mpole siku hizi.

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao kwetu jua ni hadithi. Tuliazima redio kaseti kwa mjomba, yeye akatupa na mawe yake, zile betri kubwa, lakini yalikuwa yametumika sana na duka lililokuwa karibu halikuwa na mapya. Si shida, kila mtu kwetu alijua dawa. Ukiona mawe yamechoka unayaanika juani, na kama hakuna jua unayapanga kando ya moto jikoni yapate joto, halafu unayang'ata kidogo kwa meno. Tukayapasha, tukayang'ata, taa ndogo nyekundu ikawaka. Ng'ombe tukampa nyasi anyamaze. Mama akashikilia jogoo chini ya kanga. Tukangoja mvua iache mabati, na ilipoacha, ndugu yangu akaimba.

Lo! Siku hiyo aliimba. Nafikiri lile koo lilijua. Aliimba zote tulizochagua bila kukatika mahali pasipofaa, na kwenye wimbo wa lango alishusha sauti chini kabisa, mpaka mama akamwachilia jogoo bila kujua. Tulirudisha kaseti mwanzo tukaisikiliza kwa redio ile ile, na alikuwa yeye, yeye mwenyewe, hakuna kilichopungua. Mama akasema, "Huyo ndiye mwanangu." Nililia, na siku hiyo sikuona haya.

Ile kaseti niliifunga kwenye leso nikaiweka chini ya mto. Produsa alikuwa amesema tuje baada ya wiki chache. Tukaenda, tukaambiwa amesafiri. Tukaenda tena, ana msiba. Na kila safari ndugu yangu alikuwa amepungua. Kola ya shati ilianza kumwacha. Alipofika mahali pa kusema, alininong'oneza mimi niseme. Nilimwambia twende hospitali sasa, kaseti iko, ahadi ilikuwa kaseti. Akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole juu, kule studio.

Siku tuliyompata, yule produsa alikuwa na marafiki zake wawili na alikuwa na furaha. Akaichukua kaseti yetu, akaitia kwenye mashine yake kubwa ya stima, ya kuchomekwa ukutani, yenye spika kama kabati. Nikamshika ndugu yangu mkono. Nilisema moyoni, sasa.

Ikatoka sauti ya mtoto.

Sijui niielezeje. Gitaa lilikimbia kama limechomwa, na juu yake mtoto mdogo, wa nasari hata, anaimba maneno yangu mbio mbio kwa sauti nyembamba. Wimbo wa mama anayengoja langoni ukawa kichekesho. Wale marafiki walicheka mpaka mmoja akaweka soda chini. Produsa akatoa kijiti mdomoni. "Kijana, umeniletea mtoto wa nani?"

"Si yeye hivyo!" nikapayuka. "Hiyo mashine yako imeharibika!"

Akatoa yetu, akatia kaseti nyingine, mtu mzima akaimba vizuri kabisa. Akarudisha yetu. Mtoto. Wakacheka upya.

"Basi yaishe," akasema, na nitakubali kwamba hakusema kwa ubaya. "Mwenyewe si yuko hapa? Imba, kijana. Ubeti mmoja. Nikusikie."

Ndugu yangu akasimama wima, akaweka mkono kifuani kama alivyofanya siku zote. Akafungua mdomo. Niliona shingo inafanya kazi, niliona mishipa imetoka, nikaona midomo inasema maneno ya kwanza ya wimbo ninayoyajua kama jina langu. Ilitoka hewa. Akajaribu tena, na ikatoka hewa yenye mkwaruzo, kama mlango unaoburutwa. Kwenye mashine ya produsa ile kaseti ilikuwa bado inazunguka, yule mtoto anaimba kwa raha zake. Hakuna aliyecheka tena. Produsa akaizima mwenyewe, akanirudishia kaseti kwa mikono miwili, akasema, "Dada, mpeleke huyu hospitali." Hilo ndilo jibu tulilopata Nairobi baada ya miaka yote.

Tulirudi Kibugu kuchukua nguo zake za kwenda kulazwa. Mama alipoambiwa habari ya mtoto alisema kuna mtu ametutupia jicho baya, akataka kaseti ichomwe. Ndugu yangu akaichukua mkononi mwake. Akaitia kwenye redio ya mjomba, yenye mawe yale yale ya Julai, akabonyeza. Akatoka yeye. Mtu mzima, taratibu, sauti yake, lango na mama na mvua. Tukakodoa macho. Yeye alikaa akifikiri, kisha akaanza kucheka, mabega tu yanatingishika, hana sauti. Akanivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Ni mawe, cucu. Yamechoka. Yalizungusha polepole tukirekodi."

Ndipo nikaelewa. Redio iliyochoka ilikuwa imeuchukua wimbo kwa mwendo wa kuchoka, na mashine yenye nguvu za stima iliutoa mbio. Duniani hakukuwa na mahali ambapo kaka yangu angesikika mwenyewe isipokuwa kwenye redio iliyochoka kama ile. Nilitaka turudi Nairobi siku hiyo hiyo na redio kwapani, nimwekee yule mnene juu ya meza. Ndugu yangu akatikisa kichwa. Alikuwa ameshavaa koti la safari.

Walimfungua koo. Walimwachia tundu shingoni, na kupitia hapo alipumua mpaka tulipomrudisha nyumbani, na huko nyumbani hakukaa. Alituacha wakati mahindi yalikuwa yanatoa ndevu. Kwenye mazishi kwaya ya kanisa ilitaka kupiga kaseti yake kwenye spika zao za jenereta, nami nilisimama mbele ya watu wote nikawaambia mtu asiiguse. Wengine walisema nina kiburi. Wacha waseme. Ningewaacha wamzike na sauti ya mtoto?

Watu walipokwisha kwenda, mchana ule ule, mama alisema, "Niwekee." Nikaleta ile redio tukakaa kizingitini, ukungu umefika mpaka kwenye udongo mpya wa kaburi. Yale mawe yalikuwa hayana kitu tena, hata kung'atwa hayakung'atika. Taa ndogo iliwaka kwa shida. Ndugu yangu akaanza kuimba, na kwa ubeti mmoja alikuwa yeye kamili. Halafu mawe yakazidi kushuka, na sauti ikaanza kushuka nayo, nzito, ya polepole, anavuta kila neno kama mtu anayepanda mlima na fimbo. Ilikuwa sauti ya mzee. Ilikuwa sauti ambayo ndugu yangu angekuwa nayo akiwa na mvi, ameketi hapo hapo kizingitini, na wajukuu wamemzunguka.

Nikanyoosha mkono kuzima. Nilikuwa na mawe mengine ndani, yaliyochoka kiasi kile kile cha Julai, niliyotafuta kwa ajili ya siku hiyo.

Mama akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Usiguse," akasema. "Mwache azeeke."