Muuguzi Aliyetuletea Zamu

Habari ya kifo chake imenifikia siku tatu baada ya mazishi. Mpwa wake alinipigia simu kutoka Bukoba, akanieleza kwamba katika kupanga vitu vya marehemu wamekuta daftari dogo la namba za simu, na mbele ya namba yangu shangazi yake alikuwa ameandika neno moja tu: Mwalimu. "Tumeona tukuarifu, mzee, ingawa tumechelewa," alisema yule binti. Nilimshukuru, nikakata simu, nikabaki nimekaa nje ya nyumba yangu hapa Buhongwa nikitazama malori yanayoelekea Shinyanga bila kuyaona. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba si kawaida yangu kuandika tanzia. Huyu sikumzika, na kuna jambo lake ambalo nisipoliandika mimi hakuna atakayeliandika, maana tuliolijua tulikuwa watatu. Mke wangu alitangulia miaka sita iliyopita. Sasa na yeye ameondoka.

Tulifahamiana miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimemaliza ualimu Butimba na kupangiwa shule ya kijiji kimoja kando ya ziwa, kupita Magu, nyumba zote zimejengwa kwa mstari na bado zinanukia udongo mbichi. Mimi mtu wa Mara, mke wangu mtu wa Mara, wenyeji wetu Wasukuma, na muuguzi wa zahanati ni Mhaya wa Kilutheri aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi. Kijiji kizima kilimwita Sista. Mimi nilimwita dada. Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu na mganga mmoja ambaye nusu ya mwezi alikuwa njiani kufuatilia dawa mjini, kwa hiyo mara nyingi aliyekuwepo ni yeye tu. Alizalisha, alifunga vidonda, alichoma sindano, na jioni alifua mwenyewe mashuka ya wagonjwa. Hakuna aliyetozwa chochote mlangoni. Vijana wanaponiuliza miaka ile tulikuwa na nini, huwa nawajibu kwamba tulikuwa na mlango usiodai kitu, na nyuma ya mlango huo mwanamke mmoja aliyechoka. Nikisema hivyo hudhani nafanya mzaha.

Mwaka wetu wa pili pale, mke wangu alishikwa na uchungu akiwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa asubuhi, yuko kwenye palizi ya shamba la kijiji. Wanawake walimbeba hadi zahanati, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa na mtoto wa kiume. Siku hizi watoto wa namna hiyo wanaitwa njiti. Wakati ule tulisema tu kazaliwa kabla ya siku zake. Vidole vyake vilikuwa kama miguu ya kifaranga, na ngozi yake ilikuwa laini hata niliogopa kumgusa kwa mikono yangu ya chaki. Dada yule alimfunga kwa pamba ya mashambani kwetu, akamlaza kwenye kikapu, akajaza chupa maji ya moto, akazizungushia vitambaa na kuzipanga kandokando yake. Alimnywesha maziwa ya mama yake kwa ncha ya kijiko cha chai. Nilimuuliza kwa nini tusimpeleke Mwanza mjini. Akaniambia lori la kijiji limekwenda kupeleka pamba, na hata lingekuwepo, safari ile kwenye lori la wazi, na upepo wa ziwa ulivyokuwa ukivuma mwezi ule, isingemfikisha. "Hapa tutajaribu," alisema. Alijaribu siku saba, akibadilisha maji ya chupa kila yalipoanza kupoa. Asubuhi ya siku ya saba niliitwa nikiwa darasani. Nilimkuta amesimama mlangoni mwa zahanati, mikono yake imekunja aproni. "Mwalimu," alisema, "ni kazi ya Mungu." Tulimzika mchana ule.

Mwaka uliofuata serikali ilimteua kwenda kusoma ukunga katika nchi moja tajiri ya kaskazini mwa Ulaya. Tulimuaga kwa ngoma. Alikaa huko mwaka mzima, na aliporudi kijiji kilijaa nyumbani kwake wiki nzima kusikiliza habari za theluji na treni. Alikuwa mcheshi katika kusimulia. "Nao wana ujamaa wao," aliwaambia wazee, "mgonjwa halipi kitu, tajiri na maskini wanalala wodi moja. Ila ujamaa wao una umeme." Wazee walicheka hadi machozi. Mimi sikupata nafasi ya kuzungumza naye vizuri, mpaka alasiri moja alipokuja mwenyewe nyumbani kwangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mwalimu. Mwenzio yuko wapi?"

"Kaenda ziwani kufua."

"Afadhali. Nina neno na wewe."

Nilimpa kiti. Kwa kuwa sikujua anataka kusema nini, nilianza mazungumzo kama tulivyozoea wakati ule, tukijipoza kwa umaskini wetu. Nilisema nasikia wale watu wana mashine nyingi lakini hawana utu, mgonjwa anakufa hana wa kumshika mkono.

"Hayo maneno yaache, Mwalimu. Nimemwona mtoto mdogo kuliko wako. Mdogo kuliko wako, nakwambia. Wamemweka kwenye sanduku la kioo lenye joto, na baada ya miezi miwili mama yake amembeba wakaenda kwao. Nilitoka nje nikasimama kwenye ile theluji nikalia. Usiniambie habari ya utu."

Kisha akaniambia lililomleta. Asubuhi ile ya siku ya saba, alfajiri, walimletea mtoto mwenye degedege, mwili umekakamaa, macho yamegeuka. Mganga hakuwepo. Alimhangaikia mtoto yule hadi jua likapanda, na muda wote huo chupa za maji za mwanangu zilikuwa zinapoa. "Niliporudi kwenye kikapu alikuwa ameshapoa. Hakufa kwa ugonjwa, Mwalimu. Alikufa kwa baridi. Nikakwambia ni kazi ya Mungu. Waitu, ndugu yangu, nilimsingizia Mungu." Nilimuuliza mtoto wa degedege alikuwaje. "Alipona," alijibu. "Yuko darasa la kwanza. Unamfundisha."

Sikuuliza jina, wala yeye hakulitaja. Alisimama, akasubiri kidogo kama anayetaka kuambiwa neno, na mimi sikusema. Alikwenda zake. Nakiri kwamba nilimchukia kwa muda wa kama saa mbili, hadi mke wangu aliporudi na beseni lake la nguo. Nilimweleza yote tukiwa tunaanika. Hakushtuka. Alimaliza kutandaza shuka kwenye kamba, akasema, "Najua. Nilikuwepo pale. Nilikuwa nimesinzia. Nilipozinduka nilizishika zile chupa."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Yule dada alikuwa hajalala siku saba. Na mimi ndiye mama yake." Kisha akajifunga kanga, akaenda kwa Sista. Sijui walizungumza nini. Alirudi macho yake yamevimba, na tangu siku hiyo walikuwa kama wamezaliwa tumbo moja. Mimi nilichukua muda mrefu zaidi. Kwa miezi mingi niliwatazama wanafunzi wa darasa la kwanza wakiimba irabu, nikijikuta nawapita mmoja mmoja kwa macho. Ilifika wakati nikaacha kutafuta. Wote walikuwa wamekuja shule, na hilo lilinitosha.

Baadaye, tulipoweza kukaa tena pamoja, nilimuuliza kitu gani kilimshangaza zaidi huko Ulaya. Nilitarajia aseme lile sanduku la kioo. "Zamu," alisema. "Saa ya kutoka ikifika, muuguzi anavua aproni anakwenda kwake, na mwingine ameshaingia. Mwanzoni nilikuwa sitoki. Nilibaki nimesimama kando ya vitanda. Wakaniuliza unangoja nini? Nikashindwa kuwaeleza." Walimwomba abaki afanye kazi kwao. "Usidhani nilirudi kwa uzalendo tu, Mwalimu. Nilitamani kubaki. Nilitamani kuwa mtu mmoja kati ya wengi. Nilirudi nikilia."

Sanduku hakuweza kulileta, na hata angelileta tusingekuwa na pa kulichomeka. Alileta zamu. Katika mkutano wa kijiji alisimama mbele yetu na kusema kwamba kifua cha binadamu kina joto kuliko chupa, na hakipoi, ila mwenye kifua huchoka. Akaomba kila akizaliwa mtoto kabla ya siku zake, wanawake watano wapangwe kumsaidia mama, wampokezane mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitenge, usiku na mchana. Mwenyekiti wetu alikuna kichwa. "Sista, palizi ya shamba la kijiji nani ataifanya?" Akajibu, "Mwenyekiti, kidole kimoja hakivunji chawa. Mimi ni kidole kimoja tangu nimefika hapa. Anayembeba mtoto ahesabiwe amelima." Bibi mmoja wa Kisukuma, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mkutanoni, alinyoosha mkono na kusema kwamba yeye jembe limeshamshinda lakini joto bado analo. Watu wakaangua kicheko, na jambo likapita.

Wa kwanza kuokoka alikuwa binti wa mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mke wangu alikuwa mmoja wa wale watano. Nilimwona ameketi ukutani juani, yule mtoto kifuani mwake, kichwa chake kidogo kimejificha chini ya kidevu, na yeye ametulia hata pumzi anaivuta polepole. Sikumsogelea. Nilijua anambeba nani. Si wote waliookoka baada ya hapo, na nisingependa msomaji aondoke na hadithi tamu kuliko ilivyokuwa. Wengine walikufa vifuani mwa mabibi, na mabibi waliwalilia kama wajukuu wao. Lakini hakuna tena aliyepoa peke yake kikapuni.

Miaka ilikwenda. Mimi nilihamishwa, yeye alihamishwa mara tatu, vijiji vikabadilika, na baadaye ule mlango usiodai kitu nao ukaanza kudai. Leo kuna hospitali kubwa Mwanza zenye vyumba vya watoto njiti, na nashukuru kuviona. Ziko nchi ambazo mzazi hata hafikirii kwamba mtoto wa miezi saba anaweza kufa kwa baridi, na ziko sehemu za kwetu ambako bado mzazi analifikiria. Nimewasikia wengi wakieleza tofauti hiyo kwa mashine, na wengine kwa akili, na wengine, kama nilivyofanya mimi ujanani, wakijaribu kuifuta kwa kusema sisi tuna upendo zaidi. Nikimkumbuka dada yule naona tofauti iko mahali pengine. Kule, uhai wa mtoto hauning'inii kwenye macho ya mwanamke mmoja ambaye hajalala siku saba. Amechoka huyu, anaingia yule. Upendo hata sisi tulikuwa nao. Yeye alikuwa nao wa kutosha kijiji kizima. Tulichokosa ni mtu wa kumpokea.

Natamani ningemwambia lile neno alilolisubiri siku ile amesimama nyumbani kwangu. Nilimtembelea mara nyingi baada ya hapo, tukanywa kahawa, tukacheka, na kila mara niliona si wakati wake. Nilidhani anajua. Labda alijua, labda mke wangu alimwambia kwa niaba yangu. Hata hivyo neno la kusamehe halina mwakilishi, na sasa sina wa kumpa.

Katika mazishi yake, mpwa wake ameniambia, wasemaji wengi walimsifu kwa kufanya kazi peke yake miaka mingi bila kulalamika. Nina hakika waliosema hivyo walimpenda. Ila mimi niliyemsikia akieleza alivyolia kwa kutamani mwenzake siwezi kuitoa sifa hiyo. Msomaji wangu, ukifika kwenye zahanati yoyote, ya kijijini au ya mjini, ukamkuta muuguzi yuko peke yake na foleni imefika nje, usianze kwa kumsifu. Uliza mwenzake yuko wapi, na uendelee kuuliza mpaka aletwe.