Simu Thelathini na Nane za Kilambo

Sitaanza kwa kumsifia Faraja Sanga. Yeye hapendi sifa, na mimi simpendi kiasi cha kumtafutia. Lakini hapa mjini Mtwara kuna watu wanaosema duka lake lilifungwa kwa sababu aliuza simu za magendo ng'ambo ya Ruvuma. Uongo huo unaniuma kuliko ninavyomchukia, kwa hiyo nitaeleza. Naitwa Shabani, fundi simu. Mambo yote yalipita mbele ya meza yangu, na lipo moja nililolifanya mwenyewe.

Baba yake, mzee Anold, alishuka kutoka Makete kuja kufanya kazi bandarini na hakurudi tena. Faraja alizaliwa hapahapa. Mtwara anaijua kuliko mimi Mmakonde wa Mpapura, ingawa wapo ambao hadi leo wanamwita "yule wa bara". Alianza na meza ya vocha nje ya soko, mwavuli mmoja na kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguuni. Kutoka kwenye vocha akaingia kwenye laini, kutoka kwenye laini akaingia kwenye vitochi, na mwaka aliomzaa binti yake Glory akapata fremu yenye kabati la kioo. Hajui kucheka na mteja. Ukimuuliza bei mara mbili anakujibu, "Hayo masikio umeazima?" Lakini simu ikiharibika ndani ya mwezi alikubadilishia bila maneno, na hilo ndilo lililowarudisha watu dukani kwake.

Mimi nilikaa barazani kwake miaka sita, na meza yangu, bloa yangu ya hewa ya moto na taa ya kuinamia. Yeye aliuza, mimi nilitengeneza. Mteja aliyevunja kioo alikuja kwangu, akingoja anaangaza macho ndani, anatoka na kava. Watu wengi hudhani muuza simu anatajirika kwa simu. Simu ya laki mbili na nusu, ukitoa nauli ya mzigo kutoka Kariakoo, inamwachia elfu sita, na mnunuzi ameshakaa dukani nusu saa akiomba apunguziwe elfu kumi. Kava iliyonunuliwa mia nane inauzwa elfu mbili na mia tano na hakuna anayegombana. Faraja alikuwa analisha familia kwa kava, chaja na kioo cha kubandika juu ya kioo. Hilo lilimuudhi kila siku ya Mungu.

Ndipo walipokuja Mwewe. Ni kampuni ya mtandao, na jina walijipa wenyewe. Sijui ni nani anayejiita mwewe halafu akategemea vifaranga washangilie. Walikuwa na simu yao, nzuri machoni, elfu tisini tu, bei ambayo kwa simu ya namna ile hakuna duka lingeweza. Siri ni kwamba ilikubali laini ya Mwewe peke yake. Ukiingiza laini nyingine inakutazama tu. Hasara ya bei wangeirudisha kwenye maongezi na bando, mwaka hadi mwaka, kutoka kwa mtu asiye na pa kukimbilia. Wakala alipewa masharti yake: uza simu zetu tu, toa za wengine zote, duka lipakwe rangi yetu. Akifikisha simu mia moja na hamsini kwa miezi mitatu, kila moja itamlipa elfu ishirini na mbili. Asipofikisha, elfu tatu kwa kila moja. Soma tena hizo namba mbili uone mtego ulivyokaa.

Faraja alisaini. Na kulikuwa na sharti dogo chini ya karatasi, kwamba fundi asikae mbele ya duka, anachafua nembo.

Alitoka nje saa tatu asubuhi, kikombe cha chai mkononi, akasema amesimama: "Fundi, hamisha meza. Mwisho kesho."

"Dada Faraja, miaka sita."

"Najua kuhesabu. Mwisho kesho."

Nilihamia upande wa pili wa barabara, barazani kwa Umair Rahemtulla anayeuza misumari na rangi. Hakunitoza kodi, Mungu ampe. Kuanzia siku ile nilimwita Faraja madam, na kila asubuhi nilipofungua meza nilimwombea njaa. Hatua ishirini zilitutenga. Nilizihesabu.

Korosho zikauzwa mnadani, hela zikaingia vijijini. Faraja akapanda na spika yake ya kelele hadi Nanyamba, akaenda Mpapura kwetu, akauza kama njugu. Kufikia wiki ya mwisho ya miezi yake mitatu alikuwa amebakiza thelathini na nane kufikisha lengo. Akasema atazimalizia Kilambo, mpakani kwenye kivuko cha Ruvuma.

Asubuhi ileile anapakia maboksi, dereva mmoja wa lori alinijia mezani na simu ya Mwewe iliyokufa. Alikuwa amepeleka saruji ng'ambo, akalala huko siku tatu, ya nne simu ikajifunga. Kwenye kioo palikuwa na maneno: "Simu hii imetolewa nje ya nchi kinyume cha utaratibu. Wasiliana na wakala wako." Mwewe walikuwa wanaogopa simu zao za bei ya chini zisivushwe zikauzwe Msumbiji, ambako hawauzi maongezi. Wakaziwekea mbwa ndani. Simu ikishika mtandao wa kigeni siku tatu mfululizo, mbwa anauma.

Nikaikumbuka saa ya shangazi yangu. Bi Zainabu, dada wa baba, ameolewa Kilambo, nyumba yake iko karibu na maji. Mawimbi ya mitandao yetu hufika kule yakichechemea. Ya Msumbiji yanafika na miguu yote miwili. Mtu amekaa uani kwake, Tanzania, anachambua mchele, simu inamkaribisha Msumbiji kwa Kireno na saa inarudi nyuma kwa saa nzima. Ndiyo maana mtu wa Kilambo akikuahidi saa nne, unamuuliza, "Ya hapa au ya ng'ambo?" Ni salamu ya kule. Faraja mwenyewe aliwahi kuchelewa gari kwa ajili ya saa hiyo, akaisimulia dukani kwa hasira. Lakini hakuiunganisha na yule mbwa wa Mwewe. Mimi niliunganisha.

Maboksi yalikuwa bado yanapakiwa. Hatua ishirini. Nikainama kwenye bloa yangu nikajifanya nachomelea.

Jioni nikampigia shangazi. "Kuna mama anakuja na simu za elfu tisini. Usinunue."

"Mbovu?"

"Usinunue tu, shangazi."

Nikamwokoa wa kwangu, wengine nikawaacha. Na nililala vizuri, nisiwadanganye.

Zote thelathini na nane ziliuzwa, taslimu, kwa siku moja. Alinunua Mussa anayekata tiketi za kivuko, akanunua mwalimu wa madrasa, wakanunua wauza samaki. Siku ya nne kila simu ilikuwa tofali. Siku ya tano watu watatu wa Kilambo walisimamisha pikipiki mbele ya duka la Faraja, Mussa akiwa mbele.

"Mama, wewe ndo wa kutufanyia hivi? Tumekupikia wali ukala, tukakukalisha nkekani, kumbe unatuuzia maganda!"

"Mlivuka nazo?" Faraja akauliza.

"Tuvuke twende wapi? Yangu haijatoka mfukoni!"

Watu wakajaa. Mmoja akamwita mwizi, mwingine akadakia, na mimi nikasogeza kiti nione vizuri. Faraja akampigia meneja wa kanda wa Mwewe, bwana mmoja anaitwa Samweli. Siku mbili baadaye akaja kwa ndege, shati limenyooka kama karatasi aliyokuja nayo.

Karatasi ilisema kwamba wateja wa Kilambo walizivusha simu kwa biashara, na wakala, ambaye hakujua, anathibitisha hivyo. Akiweka saini, simu thelathini na nane zinahesabiwa kwenye lengo lake, analipwa elfu ishirini na mbili kwa kila moja ya zote mia na hamsini, duka linabaki. Wa Kilambo hawapati kitu, na majina yao yanaingia kwenye orodha ya wavusha magendo. Asipoweka saini, basi aliyevusha ni yeye.

Yote haya Samweli aliyasema kwa upole, mlangoni, watu wanasikia. Watu wa namna ile ndio wabaya zaidi, wanakukaba huku wanakuuliza habari za watoto.

"Hawajavuka," Faraja akasema. "Mtandao wa kule ndio unavuka. Hata saa inarudi nyuma. Nendeni mkaone."

"Mama, kampuni haiwezi kusafiri kwenda kutazama saa. Mfumo unasema simu zilikuwa Msumbiji."

"Mfumo umewahi kufika Kilambo?"

"Una shahidi wa kitaalamu?"

Faraja akageuka akatazama ng'ambo ya barabara. Akaniita, na mara ya kwanza tangu anifukuze aliniita kwa jina. "Shabani! Njoo umweleze meneja. Wewe ni fundi, na una ndugu Kilambo."

Nilivuka. Hatua zile ishirini ambazo sikuweza kuzitembea siku ya maboksi, siku hiyo zilikuwa nyepesi. Watu walinipisha. Samweli akanikazia macho, Mussa wa kivuko akanitazama kama mtu aliyeona mwanga. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, dakika mbili tu yangetosha. Dereva wa lori, maandishi ya kwenye kioo, saa ya shangazi.

Nikasema, "Mambo ya kampuni siyajui, madam. Mimi nachafua nembo."

Watu walicheka. Nami nilicheka, na ile ladha naikumbuka mpaka leo, ilikuwa tamu haswa. Nilikuwa nimeisubiri miezi mitatu.

Faraja hakucheka wala hakunitukana. Alimgeukia Samweli akaichukua karatasi, na mimi nikajua atasaini, maana ningekuwa mimi ningesaini. Aliisoma yote mpaka chini, kule wanakofichaga masharti. Kisha akamrudishia.

"Watu hawa hawajavuka maji," akasema. "Siandiki."

"Mama, fikiri. Duka hili—"

"Duka nimeshalifikiri kabla hujazaliwa kwenye kazi hiyo. Siandiki. Unataka chai au unaondoka?"

Aliondoka. Siku mbili baadaye gari lao lilikuja, vijana wakafungua kibao skrubu moja moja, wakabeba simu zote zilizobaki na kabati la maonyesho. Zile elfu ishirini na mbili hakuziona hata moja, na wakamtangaza kwa mawakala wengine kwamba ni mvusha magendo. Simu za kampuni nyingine alishazitoa zamani kwa ajili yao. Alibakiwa na boksi la kava.

Mwewe wapo bado. Wakala wao mpya yupo karibu na stendi, spika inapiga kelele kuanzia saa mbili, bei imeshuka hadi elfu themanini na tano. Nawalaani kila nikipita, na haiwapunguzii kitu.

Wiki iliyofuata Faraja alipanda bodaboda akaenda Kilambo peke yake. Watu walidhani atapigwa. Alipita nyumba kwa nyumba akaokota zile simu, kila moja akabandika utepe na jina la mwenyewe, akawaambia atazirudisha zinafanya kazi na laini yoyote. Nyumba ya mwisho karibu na maji akaomba maji ya kunywa. Akamuuliza mama wa pale mbona yeye hakununua.

Hayo sikuyajua mpaka alipovuka barabara kuja kwangu, mfuko wa salfeti begani. Akautua juu ya meza, bloa ikasogea.

"Thelathini na nane," akasema. "Zifungue. Laini yoyote iingie. Bei yako?"

Kazi hiyo Mwewe wanaikataza, na mimi naijua. "Kwa mtu wa kawaida elfu tano. Ila, dada Faraja..."

"Shangazi yako anakusalimu. Anasema ntoto wa kaka yake ana huruma sana, alinkataza mapema asinunue."

Umair alikuwa mlangoni na kopo la rangi. Akaingia ndani.

Nilifanya kazi siku tatu. Siku zote tatu alikaa kwenye kigoda cha mteja mbele yangu, anatazama mikono yangu. Kila simu iliyowaka aliijaribu kwa laini mbili, akaifuta kioo kwa upindo wa kanga, akairudisha mfukoni. Nilitamani anitukane. Nilikuwa na majibu mengi ya matusi. Simu ya mwisho ilikuwa ya Mussa wa kivuko. Ilipowaka nikaifuta mwenyewe, nikamsogezea.

"Hizi usilipe," nikasema. "Nimekufanyia tu."

Akafungua pindo la kanga. Alikuwa ameuza friji ya dukani, nilikuja kuambiwa baadaye. Akaziweka mezani laki moja na elfu tisini, noti juu ya noti, akazisukuma hadi zikagusa mkono wangu.

"Hesabu."

"Dada Faraja, nimesema..."

"Hesabu, fundi. Sitaki siku moja uje useme uliwahi kunisaidia."

Nikazihesabu mbele yake. Zilikuwa kamili.