Helena wa Pili

Wiki jana, hapa Mwene-Ditu, Kasai, fundi alikuwa anakoroga simenti ya ukuta wa jirani yangu, na ile harufu ya vumbi lililolowa ikanirudisha Likasi, Katanga, nilikokulia, bila kuniuliza. Mtanisamehe. Mtoto wa mwashi hasikii harufu hiyo akabaki alipo.

Baba aliijengea kampuni ya migodi juma zima, na Jumamosi alitengeneza misalaba na mabamba ya makaburi uani kwetu. Kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo mimi Ngalula, darasa la nne na kiburi cha darasa la nne, ndiye niliyemsomea majina, naye akayachora kwa msumari kabla simenti haijashika.

Ndipo akaja Mama Wanda, mjane Mpolandi aliyetufundisha kushona parokiani. Alileta karatasi ya majina kumi na manne: watu wa nyumba yao, waliouawa siku moja wakati wa vita, kijijini kwao kule Ulaya. Hakuna aliyewawekea hata kijiti. Alitaka bamba moja katika makaburi ya Likasi, apate pa kuwalilia. Mama akamuuliza ni askari gani waliowaua.

"Si basoda," akasema. "Ni bajirani. Tulikuwa tunateka mayi mu kisima kimoja."

Alipoondoka, Mama alitikisa kichwa. Alisema labda uzee unamchanganya, maana jirani ni mtu wa kuombana chumvi. Sisi asili yetu ilikuwa Kasai, majirani zetu wenyeji wa Katanga, na sahani zilivuka ua kila siku zikiwa na kitu ndani.

Jumamosi ile nilisoma herufi moja moja. Jina la ukoo lilijaa zedi, ulimi ukachoka, na bukari, ugali wetu, ilishanukia jikoni. La kwanza lilikuwa Helena. Kufika la kumi na nne, Helena tena, ukoo uleule. Nikajisemea, maskini, bibi wa watu kazeeka, kaandika mara mbili. Nikakunja karatasi, nikamwambia Baba yamekwisha.

Siku ya marehemu wote wanawake wa mtaa walikuja na mikeka, kwani kwetu mtu haachwi alie peke yake, hata kama chini ya bamba hamna mtu. Mama Wanda akapiga magoti, akayapitia majina kwa kidole, taratibu, kama anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango. Kidole kikafika mwisho, kikabaki hewani.

"Mudogo yangu iko wapi?" akauliza.

Helena wa kwanza alikuwa bibi yake. Wa pili alikuwa mdogo wake, kitoto ambacho hakijaanza kutembea, kilichopewa jina la bibi. Baba akasema kosa ni lake. Alilibeba mbele za watu wote, nami nikajificha nyuma ya kitenge cha Mama. Lakini Mama alinijua. Njiani kurudi alinishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Na weye, iko na jina ya nani?"

La mama yake mzazi. Ndiyo maana aliniita "mama," mimi mwenye kamasi. Kila siku alituambia mtu aliyeachiwa jina hajafa. Niliyajua hayo kuliko sala, na bado nilimfuta mtoto wa watu kwa sababu ya bukari. Kesho yake nilikiri kwa Baba. Hakunipiga. Alichukua patasi na nyundo, tukarudi makaburini, akamchonga Helena chini kabisa, karibu na majani, maana nafasi nyingine haikuwepo. Mama Wanda alinishukuru, na shukrani ile iliniuma kuliko fimbo.

Miaka ikapita. Baba na Mama Wanda wakazikwa katika makaburi yaleyale. Mimi nikazaa binti, nikampa jina la Mama, Kapinga. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wa asili ya Kasai tukaambiwa Katanga si kwetu. Waliokuja kutuambia hawakuhitaji kuulizia mlango, ni walewale wa sahani. Mama aliwatazama mmoja mmoja, akanigeukia, akasema tu, "Mama Wanda hakuchanganyikiwa."

Tulilala stesheni ya Likasi majuma mengi tukingoja treni ya Kasai. Kuhara kukamchukua Mama, na siku ileile kitoto changu cha mgongoni. Walizikwa pamoja na wengine, haraka, bila kijiti. Treni ilipokuja nilipanda. Hapo ndipo nilipoelewa Mama Wanda alikuwa anatafuta nini kwa kile kidole. Bibi na mwenye jina lake wakifa siku moja, jina halina tena wa kuliitikia, linabaki na mahali pa kuandikwa tu.

Leo asubuhi nilimwendea yule fundi, nikamwomba bamba. Aliuliza miili iko wapi, nikamwambia Likasi. Nikampa karatasi. Akaisoma, akaniangalia kwa huruma ileile niliyokuwa nayo mimi darasa la nne.

"Mamu," akasema, "umeandika Kapinga mara mbili."

Nikamshika mkono kabla hajaikunja karatasi.