Unga Juu ya Sukari

Kila ninapokwangua barafu kwenye friza la duka langu hapa Soweto, harufu ile ya baridi hunirudisha jikoni kwetu Kongo. Baba alikuwa mpagazi kwenye mlima wa theluji. Wiki ile baba mdogo alikuwa amefukiwa huko na theluji iliyoporomoka, nami nilitaka kujua theluji inamuuaje mtu.

Baba alimwaga sukari juu ya ubao, akaifunika kwa unga, akaushindilia kwa kiganja.

"Juu imeshikana, chini ni chembechembe tupu," alisema.

Akainua upande mmoja wa ubao polepole. Unga ulitulia. Alipouinua zaidi, ukaporomoka wote kwa mara moja.

"Baba mdogo alikuwa wapi?"

Aliweka kidole katikati ya ubao, akakiacha pale, mpaka mama alipokuja kumshika mkono.