Siku Moniteur Aliporuka Dawa ya Migomba

Ngojeni nijicheke kwanza mwenyewe, maana mkinitangulia sitamaliza kusimulia. Mpaka leo nikisikia harufu ya ile dawa nyeusi inayomwagwa vyooni masikio yananiwaka moto, na mkono mmoja unakwenda wenyewe kushika mkanda wa suruali, na mke wangu akiniona hivyo anatoka nje kumtafuta jirani wa kucheka naye. Haya basi, aibu yenyewe imeshazeeka, acha niwape yote.

Mambo haya yalinipata Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakati wa Wabelgiji, mimi nikiwa kijana wa Kenya (si nchi, ni cité, mtaa wetu sisi weusi pale pale mjini) na moniteur wa kilimo, yaani mtu wa kuzunguka kwenye mashamba ya watu na kuwaambia wafanye nini (kazi tamu sana kwa mtu anayependa kusikilizwa, na mimi nilipenda mno). Nilikuwa nimemposa Félicité, binti wa watu wa Mitwaba walioletwa na kazi ya reli. Baba yake alikwisha fariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama yake, Mama Ngoie, na Mama Ngoie alikuwa hajanikataa wala hajanikubali. Kilichomtia shaka ni viatu vyangu, vya rangi mbili, vyeupe na kahawia, nilivyovinunua kwa Mgiriki mmoja kule mjini, na nilivyovipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Alikuwa akimuuliza kaka yake, Mjomba Kalenga, kama mtu wa viatu vile anajua jembe linashikwa upande gani.

Alimuuliza mjomba kwa sababu mimi mwenyewe hakuweza kuniuliza. Kwetu sisi watu wa kaskazini, mkwe na mama mkwe hawatazamani hata kidogo, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini, na kila neno linapita kwa mtu wa tatu, mpaka siku ile kijana atakapoleta mbuzi wa kuondoa haya, na hapo ndipo wanaangaliana usoni na kula pamoja. Mimi mbuzi wangu alikuwa bado, kwa hiyo Mama Ngoie nilimjua kwa mgongo.

Sasa huyo mama alikuwa na shamba la migomba karibu na mto, ndilo lililomlisha, maana ndizi zake zilikuwa zinagombaniwa sokoni Kenya. Msimu ule majani ya upande mmoja yakaanza kugeuka manjano, yale ya chini kwanza, kisha yakavunjika na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi, na mashina yenyewe yakapasuka kwa chini. Nilikata moja nikamwonyesha Mjomba mistari myekundu ndani yake, nikamwambia huu ni ukungu wa kwenye udongo, hauna dawa ya kuuponya, mgomba ukishaupata ni kung'oa na kuchoma, wala usichukue chipukizi hapo ukapande pengine. Na kibaya zaidi, nikasema, unasafiri na udongo, kwenye jembe, kwenye panga, hata kwenye nyayo za mtu anayepita tu. Mama Ngoie akanitumia jibu kupitia kwa Mjomba: upande uliobaki mzima ukipona, tutazungumza habari ya ndoa, usipopona yeye anarudi Mitwaba kwa watu wake, na Félicité anarudi naye. Nilikosa usingizi kwa neno hilo.

Nikaitisha mafunzo Jumapili, baada ya misa, ili na wenye mashamba ya jirani waje. Katikati ya upande mgonjwa na upande mzima nilichimba kijifereji, nikatandika gunia ndani, nikalilowesha ile dawa nyeusi ya vyooni iliyochanganywa na maji, na pembeni nikaweka pipa dogo la dawa yenyewe, ile kali, bado haijachanganywa. Sheria ilikuwa nyepesi: anayetoka kwa wagonjwa kwenda kwa wazima anakanyaga gunia kwanza. Watu walikuja wengi, na nguo za kanisani. Mama Ngoie alikuwa ameketi kwenye mkeka kule upande mzima, ametupa mgongo, kikwembe, kile kitenge chake cha juu, kimefunika kichwa, na karai la maji ya kuoshea mikono liko karibu naye. Mimi nikafundisha kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika, ili mgongo ule usikie vizuri.

Nilionyesha kukata, nilionyesha kung'oa, nilikanyaga kila mahali pabaya, kisha nikawaambia sasa tuvuke. Wakavuka mmoja mmoja, wazee, wanawake, wenye ndara na wenye miguu mitupu, kila mtu akilikanyaga gunia kwa adabu kama anaingia kanisani. Nikabaki mimi. Na hapo ndipo nilipovitazama viatu vyangu, nikaitazama dawa ile nyeusi kama oili ya lori, na moyo ukakataa kabisa. Mtaniambia ningevivua. Ningevivua, ndiyo, lakini soksi ya kulia ilikuwa na tundu na kidole gumba kilikuwa kimetoka chote nje, na Félicité alikuwa amesimama pale pale akiniangalia kwa fahari. Nikaamua nitaruka tu, mruko mdogo, kama mtu mwenye haraka.

Mama mmoja wa shamba la jirani alinishtukia. "Moniteur," akasema, "na weye bilatu byako?"

Nikamjibu kwamba vyangu vimetoka misani moja kwa moja (ndugu zangu, nililisema hilo kwa mdomo huu huu), nikaruka.

Viatu vya Mgiriki vilikuwa vizuri kwa macho lakini chini vilikuwa laini kama sabuni. Niliteleza kabla sijatua vizuri, nikarusha mkono nikaukamata mgomba ulio karibu, na kwa bahati yangu ulikuwa wa upande mgonjwa, umeshapasuka chini, ukaja wote na majani yake na tukaanguka pamoja upande mzima, mimi chini yeye juu, na shina lake likalipiga teke pipa la dawa kali. Pipa likanimwagikia kuanzia kiunoni kwenda chini. Mwanzoni nilisikia baridi tu, nikajikuta nawaza nani atanifulia suruali. Halafu ikaanza kuwasha kama nimekalia pilipili, na ule moto ulikuwa unapanda.

Sikufikiri tena. Nilivua suruali mbele ya waumini wote wa misa ya asubuhi, nikabaki na kaptula ya ndani ambayo dada yangu alinishonea kwa gunia la unga, chapa ya kinu bado inasomeka vizuri nyuma, na nikakimbia kuelekea kwenye maji. Maji yalikuwa wapi? Kwenye karai. Karai lilikuwa wapi? Sina haja ya kuwaambia. Nikaketi ndani yake, nikipiga kelele, mbele kabisa ya Mama Ngoie, na yeye kwa kusikia kelele akawa amefunua kichwa aone nini kinachinjwa.

Tulitazamana kidogo, hata sijui alitazama uso au alitazama chapa ya kinu. Kisha akageukia mgomba uliokuwa karibu naye, akauambia kwa sauti ya utulivu, "Weye mugomba, ambia ule muntu anyamaze, na ajifunike." Akafungua kikwembe chake cha juu akakitupa nyuma bila kuangalia, kikanitua kichwani.

Basi nikarudi nyumbani nikiikata Kenya yote mchana wa Jumapili, nimevaa kikwembe cha mama mkwe, kitu ambacho kwetu hata ndotoni mtu hakivai, na Mjomba Kalenga akitembea mbele kwa mbali kama hanijui. Mwanamke mmoja mlangoni kwake akaniuliza kitambaa kizuri namna ile nimekipata duka gani.

Jioni Mjomba alikuja. Alikataa kiti, nami nikajua yamekwisha, nikaanza kuomba radhi, kwa ajili ya kikwembe, kwa ajili ya karai, kwa ajili ya viatu, nikamwambia nampenda Félicité na nitaing'oa migomba yote ile peke yangu hata kama hawanipi mke. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Dada anasema hivi," akasema, akitazama ukuta. "Miye nimemuona ule mwanaume mapaja. Kama haoi mutoto yangu, bantu bakiniuliza nilionaka mapaja ya nani, nitabajibu nini? Alete mubuzi mbiyo."

Nilipeleka mbuzi kabla ngozi ya miguu haijapona. Siku hiyo Mama Ngoie aligeuka kwa mara ya kwanza kwa haki, akanitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe iko na uso," na aliyeanza kucheka alikuwa Félicité, mwenzangu wa maisha. Tulifunga ndoa kabla ya mvua.

Upande mgonjwa tuliung'oa na kuuchoma, tukapanda mihogo, na upande mzima ulipona, isipokuwa shina moja, lile la pale nilipoangukia na viatu vyangu vyenye udongo. Msimu uliofuata likageuka manjano. Nililing'oa mwenyewe, peku, na pale pakabaki kishimo ambacho Mama Ngoie hakukubali kipandwe kitu, na kila mgeni aliyefika shambani alipelekwa hapo kwanza, hata padri alipelekwa. "Hapa," alikuwa akisema, "njo pahali mukwe yangu alifundishaka bantu."

Tangu hapo nimefundisha wengi, na sijamwambia hata mmoja aoshe miguu kabla miguu yangu mwenyewe haijalowa.