Hatua Moja Aliyoibania Pi-yun

Haijafika saa nne asubuhi, na Yu Pi-yun alikuwa ameshachoshwa na watu elfu arobaini ambao hajawahi kuwatia machoni. Walikuwa ndani ya simu ya binti yake, na wote walikuwa na neno la kusema.

"Mwingine huyu anauliza kama anaweza kutumia uzi wa kushonea magunia," alisema Chia-ling.

"Mwambie atumie na gunia lenyewe."

"Mama."

"Mwambie hapana. Nimesema hapana kwenye video ya kwanza, ya pili na ya nne. Watu hawa wana masikio ya kuvalia miwani tu?"

Pi-yun alikuwa fundi wa maua ya hariri katika mji mdogo wa Toucheng, yale mekundu ambayo bibi harusi, mama yake na bibi yake huchomeka kichwani siku ya harusi. Unakata petali za karatasi ngumu, unaweka waya kwa nyuma, kisha unazungusha uzi wa hariri, unywele kwa unywele, hadi karatasi isionekane. Ua moja kubwa lilimlia siku mbili. Kazi yenyewe hakuichoka hata siku moja. Kilichomchosha ni kwamba maua yake yalilala. Mwaka wa kwanza yalisimama vizuri, wa pili petali zikawa bapa kama kabichi iliyochemshwa. Watu wa nguo za harusi kule Taipei walimwambia hivyo kwa adabu nyingi, kisha wakaacha kuagiza. Duka lilikuwa la kaka yake, na kaka naye alishasema lake: ikifika mwaka mpya maagizo yakiwa bado hivi, anampangisha muuza chai ya maziwa.

Sababu ya maua kulala Pi-yun aliijua. Marehemu Mwalimu Liao, aliyemfundisha kazi, alimwambia yeye akiwa na umri wa miaka ishirini na sita: "Una mkono mzito. Unaikandamiza petali." Miaka thelathini na minane alijaribu kuupunguza uzito mkono huo, akashindwa.

Wazo la video za bure lilikuwa la Chia-ling, aliyerudi nyumbani baada ya ofisi yake kufungwa. "Ukiwafundisha bure wanakuamini, wakikuamini wananunua."

"Mimi nimefua soksi za Mwalimu Liao miaka mitatu kabla hajaniruhusu kushika mkasi. Hao wanafua nini?"

"Hakuna anayefua soksi siku hizi, Mama. Kaa hapo, mwanga uko vizuri."

Akakaa. Akafundisha. Alifundisha kukata, kupasua uzi, kuzungusha, kufunga. Gari la taka lilipita na muziki wake wa kuwaita watu watoe taka, katikati ya kila video, na mtu mmoja akaandika kuuliza huwa linapita saa ngapi kwa sababu yeye anakaa mtaa wa nyuma na hulikosa kila siku. Wafuasi wakawa elfu, wakawa elfu kumi, wakafika elfu arobaini. Maagizo ya miezi mitatu yalikuwa manne, na moja ni la binamu yake.

Lakini kuna jambo hakulifundisha. Mafundi wa pale wana desturi yao: unampa mwanafunzi yote, unabania hatua moja, ili asije kukunyang'anya mkate. Mwalimu Liao alikuwa na nta ya nyuki. Kabla ya kuzungusha uzi alipitisha kidole chenye nta kwenye ukingo wa petali, mara moja tu, na uzi ukakamata pale nchani unapopenda kuteleza. Alimwonyesha Pi-yun akiwa kitandani hospitali, mwezi mmoja kabla ya kufa. Pi-yun alilia siku ile, maana alijua sasa amepewa yote, hakubaniwa chochote. Sasa naye kipande cha nta kilikaa mfuko wa kushoto wa aproni, na kidole kikaingia humo chini ya meza, mahali simu isipoona. Chia-ling mwenyewe alidhani mama yake anajikuna.

Basi maoni yakaanza kubadilika. *Mwalimu, uzi unateleza nchani. Mwalimu, langu limefumuka. Mwalimu, nimefuata yote.* Pi-yun alijibu kwa hasira kwamba wakaze mikono. Wakakaza, yakafumuka. Kisha mmoja akaandika: *Huyu mama anafundisha uongo.* Watu mia nne wakakubaliana naye, na wiki ile mteja mmoja kati ya wale wanne akavunja agizo.

"Umeona sasa?" Pi-yun alifoka. "Mtu anakula bure kwako, halafu anatapika mlangoni!"

"Mama, watu mia nne hawawezi wote kuwa na mikono mibovu."

"Wanaweza! Nchi ina watu wangapi?"

Jumanne mvua ikinyesha, mwanamke mmoja akaingia dukani na kopo la biskuti kifuani. Alijitambulisha kuwa ni Bi Fan, ametoka Hsinchu kwa treni. Ndani ya kopo kulikuwa na ua, au kilichobaki: karatasi karibu tupu, na uzi mwekundu umejisokota pembeni.

"Nilimtengenezea mama mkwe, harusi ya wifi yangu," alisema. "Tukiwa mezani likaanza kufumuka. Uzi ukaingia kwenye supu ya kuku. Akauvuta, ukazidi kuja, akauvuta, ukazidi kuja. Mpiga picha alicheka mpaka akaweka kamera chini."

"Umekuja na mvua yote hii kunilaumu?"

"Hapana, Mwalimu. Video ya saba nimeitazama mara hamsini na mbili. Nimekuja uniambie nimekosea wapi. Mama mkwe anasema nina mikono ya hovyo. Kama ni mikono, nikubali tu, niache."

Pi-yun alivaa miwani akitafuta kosa kwa hamu kubwa. Aligeuza petali, akatazama waya, akatazama uzi uliosalia karibu na shina. Umepasuliwa sawasawa. Umelala sawasawa, mstari kwa mstari. Kuna mahali ulikuwa umelala vizuri kuliko wake mwenyewe. Hakukuwa na kosa hata dogo, na aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

"Mikono yako haina kosa," alisema.

"Sasa mbona..."

"Nimesema haina kosa! Kaa chini. Chia-ling, washa hiyo simu yako."

Alitoa nta mfukoni, akaigonga mezani kama mtu anayeweka kisu alichokutwa nacho. Akawaonyesha watu elfu arobaini ukingo wa petali, kidole, mpito mmoja. "Hili nililificha," alisema, hakutazama simu. "Ndilo linalofanya yenu yafumuke. Msiniulize kwa nini nililificha. Mnunue nta." Gari la taka likapita.

Chia-ling alizima kamera. "Miezi mitatu yote nilidhani una upele," alisema.

Maoni yakamiminika, ya shukrani na ya matusi, na Pi-yun alikataa kuyasikia yote. Siku ya pili Chia-ling akaja na moja tu. Lilitoka kisiwa cha Penghu, limeandikwa na mjukuu kwa niaba ya bibi yake.

*Dada, mimi ni A-kim, nilikuwa kwa huyo Mwalimu Liao unayemtaja kwenye video, kabla yako. Nimeona nta. Sasa nakuuliza, mbona unaweka waya mmoja? Mwalimu alitufundisha nyaya mbili, wa pili mfupi kidogo. Ukimaliza kuzungusha unauvuta ule mfupi, petali inajikunja na hailali tena.*

Pi-yun alisoma mwenyewe. Alikata petali, akaweka nyaya mbili, akazungusha, akavuta. Petali ikajikunja. Aliibonyeza na kidole gumba, akaiachia, ikarudi. Akaibonyeza kwa nguvu zake zote, na ule mkono wake mzito, ikarudi. Kazi yote haikufika nusu saa.

"Mama, hii Taipei wataichukua!" alisema Chia-ling. "Tuna miezi miwili mpaka mwaka mpya."

"Nipigie huyo mwanamke."

Sauti ya A-kim ilikuwa kubwa, ya mtu aliyezoea upepo. "Ee dada! Wewe ndiye uliyenifuata pale? Ulifua soksi?"

"Miaka mitatu."

"Mimi minne! Sasa nisikilize. Mimi hiyo nta sikuwahi kuiona. Maua yangu yalikuwa yanafumuka kila siku, watu wakanirudishia, nikaacha. Nimemenya chaza miaka arobaini. Unajua alinipa sababu gani? Alisema nina mikono ya jasho, uzi hauwezi kukaa. Nikaamini. Hata mume wangu aliponichumbia nilificha viganja nyuma, nikaogopa atashika maji."

Pi-yun alisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Basi jana nimemwambia mjukuu wangu aniguse. Akasema, bibi, mikono yako mikavu kama mbao." A-kim alicheka, kisha akawa hacheki tena. "Na sasa uzi siuoni, macho yameshakwenda. Eti dada, wewe alikwambia una nini?"

Pi-yun aliutazama mkono wake wa kulia, uliokuwa juu ya meza.

"Mzito," alisema. "Aliniambia nina mkono mzito."