Siku Nilipomwita Sponsa

Nilikuwa darasa la saba baba yangu alipofariki. Shamba letu la majani chai kule Nyamira lilitosha unga na chumvi, basi. Jirani yetu, mwalimu mstaafu tuliyesali naye kanisa moja, alimwambia mama nisipelekwe kwa shangazi kulea watoto. Nisome. Kwa miaka minne ya sekondari ndiye aliyenifikisha langoni kila muhula, akiwa na risiti ya karo mkononi, na ndiye aliyetia sahihi kwenye fomu palipoandikwa sponsa. Neno hilo tulilitamka kwa heshima. Msichana mwenye sponsa alikuwa na bahati. Asiye naye aliombewa.

Nikawa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya wasichana karibu na Ogembo. Siku ya wazazi, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilimwalika mzee. Alikuja na koti la kijivu na sweta ndani, jua lote lile. Nilipopewa kipaza sauti nikasema, "Mgeni wangu huyu ndiye sponsa wangu. Bila yeye nisingekuwa hapa."

Wasichana wakapiga mayowe. Mama mmoja mstari wa mbele akamgusa mwenzake kwa kiwiko. Mzee akapunga mkono, akidhani anashangiliwa, nao wakazidi.

Maana mpya niliijua. Chuoni niliisikia kila siku: sponsa ni mwanamume mwenye mke na gari, anayemlipia msichana nyumba na nywele. Ila sikuwahi kumweka mzee yule karibu na maana hiyo, hata kwa mawazo.

Tukishuka kwenda stendi akauliza, "Walikuwa wanacheka nini?"

"Watoto tu, Tata." Ndivyo tunavyomwita baba kwa Kigusii.

"Nimefundisha maisha yangu yote. Sema."

Nikamweleza huku nikitazama viatu vyangu. Hakukasirika. Alisimama tu, akaonekana amezeeka ghafla.

"Na mke wangu akisikia?" akasema, kisha akapanda boda boda akaenda.

Jumatatu nilifungua kamusi kubwa ya Kiingereza. Neno lilitoka Kilatini, kwenye kitenzi cha kuahidi kwa dhati. Zamani lilimtaja mdhamini, tena anayemsimamia mtoto akibatizwa, baadaye kampuni inayogharamia kipindi cha redio. Nikawasomea wanafunzi yote hayo. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo kamusi ni ya kitambo." Nikaifunga.

Mkewe alisikia. Jumapili nilikwenda kuomba radhi, nikamkuta jikoni akimenya ndizi, mzee ameketi mlangoni.

"Ulimwita mume wangu sponsa mbele ya watu?"

"Ndiyo, Mama. Nisamehe. Sikumaanisha ile maana mbaya."

"Ile mbaya hainisumbui. Nani angemtaka huyu? Inayoniudhi ni ile nzuri." Akaweka kisu chini. "Pensheni yake ilichelewa mpaka ukamaliza shule. Ndizi nilizopeleka soko la Daraja Mbili ndizo zilizokusomesha. Yeye alibeba risiti."

Nikamgeukia mzee. Alikuwa akiangalia migomba nje.

"Ni kweli," akasema.

"Mbona hukuniambia, Tata?"

"Ulikuwa unanishukuru vizuri sana."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nililia kwanza. Miaka minne ya barua za shukrani kwa mzee, na katika zote nilimtaja mkewe mwishoni, kwenye salamu. Nikachukua kisu kingine nikamenya pamoja naye, na kwa mara ya kwanza nikamuuliza alikuwa akiamka saa ngapi siku za soko, na nani alimsaidia kubeba. Alijibu moja moja, bila haraka.

Jioni alinipa mkungu mzima niende nao Ogembo. Mwenye boda boda alilalamika njia nzima.